Usahihi wa Muda Kwenye Mstari wa Kuanzia Mbio za Dragi: Mwongozo Kamili kwa Dereva

Katika mbio za dragi, magari mawili hupangwa sambamba kwenye njia iliyonyooka na kukimbia umbali uliowekwa, ambao mara nyingi ni robo maili, yaani takriban mita 402, au nusu ya hapo. Gari linalovuka mwisho kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa husafiri sentimita 67 hivi ndani ya milisekunde 10 tu, kwa hiyo dereva aliyechelewa kuondoka kwa milisekunde 30 amemwachia mpinzani wake mita 2 za bure kabla injini haijafanya kazi yoyote ya maana. Ndiyo maana gari lenye kasi ndogo zaidi linaweza kushinda kihalali, na hushinda mara nyingi, kwa sababu tu dereva wake aliondoka kwa wakati.

Madereva wengi wanaoanza huamini kwamba namba ya mwitikio inayochapishwa kwenye karatasi ya matokeo hupima wepesi wa macho na mguu wao. Namba hiyo ni jumla ya mambo matatu: muda anaotumia dereva kuitikia taa, muda unaotumiwa na gari kuanza kusogea baada ya amri yake, na mahali hasa tairi la mbele liliposimama kwenye mstari. Msimamo wangu, ambao mwongozo huu wote umejengwa juu yake, ni kwamba anayefanya mazoezi ya macho kabla ya kudhibiti mambo mawili ya mwisho anapoteza muda wake, kwa kuwa hatajua kamwe ni lipi kati ya hayo matatu lililobadilika.

Fahamu kwanza kinachopimwa

Kwenye mstari wa kuanzia kuna miale miwili ya mwanga inayokatiza njia karibu kabisa na lami. Katika viwanja vinavyofuata vipimo vya NHRA, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1951, miale hiyo hutenganishwa kwa inchi 7, yaani milimita 178. Tairi la mbele likikata mwale wa awali, taa ya kwanza ya upangaji huwaka. Likikata mwale wa pili, ambao ndio mwale wa kuanzia, taa ya pili huwaka na gari huhesabiwa kuwa limepangwa. Upo pia mwale wa ulinzi, mbele kidogo ya hiyo miwili, unaozuia sehemu ya chini ya bodi ya gari isiendelee kuziba mwale wa kuanzia baada ya tairi kuondoka.

Taa zenyewe zimepangwa wima kwenye nguzo ambayo madereva huiita Mti wa Krismasi, na ambayo ilianza kutumika mwaka 1963 badala ya mtu wa kupunga bendera. Katika mfumo kamili, taa tatu za njano huwaka moja baada ya nyingine kwa kupishana nusu sekunde, kisha nusu sekunde baada ya ile ya mwisho huwaka ya kijani. Katika mfumo wa madaraja ya juu, taa zote tatu za njano huwaka kwa pamoja na kijani hufuata baada ya sekunde 0.400.

Muda wa mwitikio huhesabiwa tangu kijani kiwake hadi tairi la mbele litoke kabisa kwenye mwale wa kuanzia. Ukitoka sawia na kijani, namba yako ni 0.000, ukitoka kabla, namba huwa hasi, taa nyekundu huwaka na umekosea. Karatasi za zamani zilihesabu kuanzia taa ya mwisho ya njano, ndiyo maana humo utakuta 0.500 au 0.400 ikiitwa mwitikio kamili. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba saa ya mbio zenyewe haianzi na taa ya kijani. Huanza pale tairi linapouacha mwale, hata kama dereva alikaa sekunde 2 akiitazama kijani. Karatasi inaweza basi kuonyesha muda mzuri sana wa mbio kwa mtu aliyeshindwa vibaya.

Hatua ya kwanza: pima gari lako linachukua muda gani

Kwa mfumo kamili wa taa, kanuni ni rahisi: muda wa mwitikio ni sawa na muda wa dereva, ukijumlisha muda wa gari, ukitoa sekunde 0.500, ikiwa dereva huondoka mara anapoiona taa ya mwisho ya njano. Chukua mfano wa dereva anayeitikia taa kwa sekunde 0.200. Akiwa na gari linalohitaji sekunde 0.320 tangu aachie breki hadi tairi litoke mwaleni, atapata 0.020, ambayo ni nzuri sana. Mtu huyohuyo akiingia kwenye gari la kawaida la barabarani linalohitaji 0.420, atapata 0.120 na kudhani amezubaa. Akipanda gari kali linalohitaji 0.220 tu, atawasha nyekundu kwa 0.080. Macho ni yaleyale na mguu ni uleule.

Ili utenganishe sehemu hizo mbili, tumia kifaa cha mazoezi cha taa, au programu ya simu inayoiga Mti, ukiweka umbali wa kujitoa, yaani umbali ambao gari husogea kabla tairi halijauacha mwale, kuwa sifuri ili ikupimie wewe peke yako. Fanya majaribio mengi katika vikao kadhaa, tupa matokeo ya dakika za mwanzo ambapo bado unazoea, kisha chukua wastani. Simu zenyewe huchelewa kidogo kusoma mguso wa kioo, hivyo kifaa chenye swichi halisi, inayofanana na ile utakayotumia garini, ni bora zaidi. Ukishapata wastani wako, chukua karatasi zako za uwanjani, jumlisha 0.500 kwenye mwitikio uliochapishwa, kisha toa muda wako wa dereva. Kinachobaki ni muda wa gari.

Hatua ya pili: panga gari mahali palepale kila mara

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji atumie uangalifu wake wote.

Tairi ni duara, na mwale hulikata karibu na chini. Umbali ambao gari husogea tangu tairi liukate mwale hadi liuache ndio ninaouita umbali wa kujitoa. Ukiwa na tairi la kipenyo cha milimita 711, yaani inchi 28, na mwale ulio milimita 32 juu ya lami, umbali huo ni kama milimita 295. Mwale huohuo ukiinuliwa milimita 6 tu, umbali unafika 320. Kwa gari linaloanza kwa mchapuko sawa na nguvu ya mvutano wa dunia, nyongeza hiyo ya milimita 25 humaanisha kuchelewa kwa milisekunde 10. Hii ndiyo sababu dereva anayehama uwanja mmoja kwenda mwingine anaweza kuona mwitikio wake umebadilika ilhali hakugusa kitu chochote, na ndiyo sababu mizunguko ya kwanza ya majaribio katika uwanja mgeni itumike kuupima uwanja kabla ya kitu kingine.

Hesabu hiyohiyo hufanya kazi ndani ya mwale. Ukisogea milimita 25 zaidi baada ya taa ya pili kuwaka, umejipunguzia umbali wa kujitoa kwa kiasi hicho, na mwitikio wako utakuwa mwepesi kwa milisekunde 10 hivi bila wewe kufanya lolote jipya. Ikiwa raundi moja umesimama mara tu taa ilipomemeteka na raundi inayofuata umejisogeza kwa upana wa vidole viwili, mwitikio wako hauwezi kulinganishwa, na mazoezi yote ya macho hayana maana.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Ingia kwenye mwale wa awali polepole, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka kabisa, kwa sababu tairi lililopinda hukata mwale kwa umbo tofauti. Simama hapo kabisa. Vuta pumzi, hakikisha injini imetulia, kisha punguza mkazo wa breki kidogo mno hadi uhisi gari linataka kusogea badala ya kulikanyagia mafuta lisogee. Macho yawe kwenye taa ya pili ya upangaji. Mara inapomemeteka, kaza breki. Usingoje iwake kwa uthabiti ndipo uanze kusimama, kwa kuwa katika kusubiri huko gari litakuwa limeteleza mbele kwa kiasi usichoweza kukirudia. Ukiona umepitiliza mahali pako pa kawaida na kanuni za uwanja zinaruhusu, rudi nyuma na ujipange upya.

Jihadhari na gari linalojisukuma lenyewe. Gari la giaboksi ya otomatiki linaloshikiliwa kwa breki za miguu, mizunguko ya injini ikipandishwa, husukuma taratibu dhidi ya breki na huweza kutambaa milimita kadhaa ndani ya mwale bila dereva kuhisi. Gari lenye breki ya giaboksi, ile inayofungwa kwa kitufe cha umeme kilichoko kwenye usukani, hufanya kinyume: kitufe kinapobanwa na injini kupandishwa, gari lote huchuchumaa na pengine kurudi nyuma kidogo, na taa ya pili inaweza kuzimika machoni pako. Dawa yake ni kukibana kitufe na kuupa mfumo mkazo mdogo mapema, kabla ya kumalizia hatua ya mwisho ya kusogea. Mwenye gari la klachi aangalie mteremko wa mstari, kwa maana mistari mingine si tambarare kama inavyoonekana, na gari lisiloshikiliwa vizuri hurudi nyuma pole pole.

Wapo wanaosogea kwa makusudi hadi taa ya kwanza izimike, yaani tairi limekwisha kuuacha mwale wa awali na limebaki kwenye wa pili tu. Kwa tairi la mfano wetu, umbali wa kujitoa hushuka kutoka milimita 295 hadi 178 au pungufu, na mwitikio huwa mwepesi kwa milisekunde 55 hivi. Wengi huona kama wamepata zawadi, nami nalazimika kueleza kuwa si hivyo. Saa ya mbio sasa itaanza gari likiwa na kasi ndogo zaidi, kwa hiyo muda wa mbio utaongezeka karibu kwa kiasi kilekile. Ukijumlisha mwitikio na muda wa mbio, umefaidika milimita 117 za barabara tu, ambazo mwishoni ni milisekunde 2 kwa gari lenye kasi ya wastani. Upangaji huo unafaa kwa gari zito kuondoka ambalo dereva wake hawezi kuliharakisha kwa njia nyingine, lakini katika mashindano ambayo dereva hutangaza muda wake mapema ni lazima muda huo urekebishwe, la sivyo utakuwa umetangaza muda usioweza kuufikia. Tena, baadhi ya madaraja huukataza.

Hatua ya tatu: rekebisha gari likufuate wewe

Dereva haongezi wepesi wa neva zake kwa hiari, ila gari hurekebishika. Ukiwa unachelewa, pandisha mizunguko ya injini ya kuondokea, ongeza upepo wa matairi ya mbele, au tumia tairi la mbele lenye kipenyo kidogo. Upepo mwingi hulifanya tairi lisikae bapa chini, hivyo mwale hukata sehemu fupi zaidi. Tairi la milimita 660 badala ya 711, kwa mwale uleule wa milimita 32, hupunguza umbali wa kujitoa kwa milimita 11 hivi. Ukiwa unawasha nyekundu, fanya kinyume chake, na kabla ya yote punguza mizunguko ya kuondokea, kwa kuwa hilo ni jepesi kubadilisha na jepesi kurudisha.

Upande wa nyuma nao una sauti. Matairi ya nyuma yenye upepo mdogo hujikunja kwanza kabla ya kulisukuma gari, na springi laini hula muda kabla ya mwendo kuanza. Lakini usiguse upepo wa nyuma kwa ajili ya mwitikio peke yake, kwani hapo ndipo ulipo mshiko wa gari barabarani. Gari linaloteleza halina mwitikio wa kutegemewa wala muda wa kutegemewa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike.

Katika madaraja yanayoruhusu kisanduku cha kuchelewesha, kazi hii hurahisika sana. Dereva hukiachia kitufe anapoona taa ya kwanza ya njano, na kisanduku huishikilia breki ya giaboksi kwa muda uliowekwa. Kati ya njano ya kwanza na kijani kuna sekunde 1.500. Ukiwa na muda wa dereva wa 0.200, muda wa gari wa 0.280, na unalenga 0.010, basi ucheleweshaji ni 1.500 ukijumlisha 0.010, ukitoa 0.200 na 0.280, yaani 1.030. Mtu akichelewa kwa 0.015 baada ya raundi kadhaa zinazofanana, hupunguza 0.015 kwenye kisanduku. Asifanye hivyo kwa raundi moja tu iliyokwenda vibaya, maana atakuwa anaufukuza upepo.

Hatua ya nne: fundisha jicho

Sasa ndipo mazoezi ya macho yanapopata thamani. Chagua taa moja na sehemu moja ya taa hiyo, kisha uitazame hiyo tu. Anayetazama Mti mzima huitikia kitu tofauti kila mara. Taa za zamani za waya huchukua muda mfupi kupata moto na kung'aa, ilhali za LED, ambazo NHRA ilianza kuzitumia mwaka 2003, hung'aa papo hapo. Dereva aliyejizoeza kwa aina moja asishangae akibadilika kwenye nyingine. Giza nalo hubadilisha mambo, kwa kuwa usiku taa huonekana kali na madereva wengi huitikia upesi kuliko walivyofanya mchana, huku jua la jioni likipiga usoni na kufanya kinyume chake.

Katika mashindano ambapo gari la taratibu hutangulizwa kuondoka, taa za upande wa mpinzani huanza kushuka kabla ya zako. Ikiwa wewe ndiye unayefukuza, jicho litavutwa huko, na nyekundu nyingi huzaliwa hapo. Kaa kwenye kiti namna ambayo Mti uko katikati ya eneo lako la kuona, na ikiwa kanuni zinaruhusu, tumia kizuizi kidogo kwenye kofia ya kinga kinachozifunika taa za upande wa pili.

Mpinzani akishapangika nawe umo kwenye mwale wa awali, utapewa muda maalumu wa kukamilisha, hivyo usichelewe kupita kiasi; lakini usiharakishwe pia. Funga utaratibu wako uwe mmoja: mikono, mguu, pumzi, macho, kwa mfuatano uleule kila raundi.

Hatua ya tano: chagua shabaha kwa kuzingatia mtawanyiko wako

Kulenga 0.000 ni kosa kwa karibu kila dereva. Mwitikio hutawanyika, na adhabu za pande mbili hazilingani: ukichelewa milisekunde 10 umepoteza milisekunde 10, lakini ukiwahi kwa milisekunde 1 umepoteza mbio zote. Chukua matokeo yako ya hivi karibuni yaliyopatikana kwa upangaji uleule na gari lilelile, tafuta wastani, kisha uangalie yale ya haraka kabisa yako umbali gani kutoka kwenye wastani huo. Ikiwa matokeo yako ya haraka huwa milisekunde 20 chini ya wastani, basi wastani wenyewe uwe 0.020 au zaidi kidogo. Dereva ambaye mtawanyiko wake umeshuka hadi milisekunde 8 ana haki ya kulenga 0.010. Kupunguza mtawanyiko ndiko kunakoleta ushindi, na kunapatikana kwenye hatua ya pili hapo juu kuliko mahali pengine popote.

Hatua ya sita: soma karatasi kwa makini kabla ya kubadilisha chochote

Linganisha mwitikio na muda wa futi 60, yaani mita 18.3 za kwanza, ambao huchapishwa chini yake. Mwitikio ukibadilika na futi 60 zikabaki palepale, aliyebadilika ni dereva. Mwitikio ukiwa mwepesi kwa milisekunde 10 na futi 60 zikawa nzito kwa kiasi hichohicho, hukuitikia vizuri zaidi. Ulisogea ndani zaidi ya mwale. Vyote viwili vikizidi kuwa vizito, tafuta tatizo kwenye gari: mshiko wa matairi, mizunguko ya kuondokea iliyoshuka, au giaboksi iliyopata joto. Andika kwenye daftari mwitikio, futi 60, mizunguko ya kuondokea, upepo wa matairi ya mbele, njia uliyokimbia ya kulia au kushoto, saa ya siku, na nani alijipanga wa kwanza. Tenganisha kumbukumbu za njia mbili za uwanja, kwa maana miale ya njia ya kulia na ya kushoto inaweza kutofautiana urefu wake kutoka chini kwa milimita chache, nawe umeshaona milimita 6 hufanya nini. Ukipewa fursa ya kuchagua njia katika raundi inayofuata, ichague ile ambayo daftari lako lina namba zake, hata kama ile nyingine inasifiwa kwa mshiko.